Uchaguzi mdogo, ujumbe mkubwa

Uchaguzi mdogo ni nadra kuangusha serikali. Mbunge amefariki au amejiuzulu, watu wa jimbo moja wanapiga kura, na kesho yake chama tawala kiko palepale. Ndiyo maana wakubwa huudharau. Historia ya Kanada inaonyesha kwamba dharau hiyo ina gharama yake.

Tuanze na mkoa wa Alberta, magharibi ya nchi hiyo. Mwaka 1984 Wahafidhina wa Brian Mulroney walizoa viti vyote 21 vya mkoa huo. Lakini mwaka 1986 serikali yake iliipa kampuni ya Montreal kazi ya kutunza ndege za kivita aina ya CF-18, ingawa zabuni ya kampuni ya Winnipeg ilikuwa bora na nafuu zaidi. Watu wa magharibi wakajiona ng'ombe wa kukamuliwa, maziwa wanakunywa wengine. Mwaka 1987 kikazaliwa chama cha Reform, kiongozi wake Preston Manning.

Katika uchaguzi mkuu wa Novemba 1988, mwalimu Deborah Grey aligombea kwa tiketi ya Reform jimbo la Beaver River, akawa wa nne. Mhafidhina aliyeshinda alifariki siku chache baadaye, kabla hajaapishwa. Machi 13, 1989 wapiga kura wakarudi vituoni, na safari hii Bi. Grey akashinda. Wapiga kura walikuwa walewale. Tofauti ni kwamba serikali ilikwishapatikana, hivyo waliweza kuitia adabu bila hofu ya kuwakabidhi wapinzani nchi.

Mashariki nako, mkataba wa Meech Lake uliokusudia kuitambua Québec kama jamii ya pekee ulikufa Juni 1990. Agosti mwaka huohuo Gilles Duceppe, mfuasi wa Bloc Québécois, akatwaa jimbo la Laurier–Sainte-Marie mjini Montreal, lililokuwa ngome ya chama cha Liberal.

Mawingu yalitanda pande mbili, na mwaka 1993 mvua ikanyesha. Wahafidhina, waliopata viti 169 mwaka 1988, waliambulia viwili. Bloc ilipata 54, Reform 52.

Je, kila wingu huleta mvua? La. Juni 2024 chama tawala cha Liberal kilipoteza Toronto–St. Paul's, jimbo kilichokuwa nalo tangu 1993. Safari hii ujumbe ulisikika. Januari 2025 Justin Trudeau alitangaza kung'atuka, Mark Carney akashika uongozi, na vitisho vya Donald Trump vikawafanya wananchi wengi wafikiri upya. Aprili 28, 2025 chama hicho kilishinda uchaguzi mkuu, na jimbo lile likarudi mikononi mwake.

Mpiga kura si mali ya chama. Katika uchaguzi mdogo huonyesha ufa ungali mdogo. Asiyeuziba, asimlaumu mtu siku ya kujenga ukuta.