Msimamizi Ni Adimu Kuliko Mashine: Kasongo na Udaktari wa Fizikia ya Chembe

Mwaka 1981 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waandishi walijitambulisha kama Timu ya Mradi wa Kasongo. Mradi huo ulikuwa umeanza miaka kumi hivi kabla yake chini ya Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, na swali lililotoka humo liliwagawa wataalamu wa afya ya jamii kwa muda mrefu: mtoto aliyekingwa na surua ameokoka kweli, au ameahirishiwa tu kifo kitakachomjia kwa ugonjwa mwingine? Sikusudii kuufufua mjadala ule. Ninachotaka kionekane ni mgawanyo wa kazi. Watoto walihesabiwa Kasongo, mji wa mkoa wa Maniema nchini Kongo. Hoja ilitetewa katika majarida ya Ulaya, na taasisi iliyokomaa kwa uzoefu huo iko Ubelgiji. Kasongo ilibaki kwenye kichwa cha makala.

Kusini mwa Maniema tumeuzoea mgawanyo huo. Dhahabu ya Namoya, kule Kabambare, na kasiteriti ya mkoa mzima huondoka zikiwa ghafi, na thamani huongezwa kwingine. Ndiyo maana inashangaza kwamba tawi moja la sayansi, tena lenye mashine ghali mno, limeugeuza mpangilio huo juu chini, na vyuo vyetu havijaonyesha dalili ya kuliona. Tangu Novemba 2014 maabara ya CERN, karibu na Geneva, ina hazina huria ya data za migongano ya protoni. Mwaka 2016 kundi la watafiti la CMS liliweka humo takriban terabaiti 300 kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2024 wenzao wa ATLAS wakaongeza terabaiti 65 zilizotengwa kwa ajili ya utafiti. Hakuna ada wala uanachama unaodaiwa. Safari hii mali ghafi inatoka Ulaya, na uchambuzi unaweza kufanyika Kasongo.

Dai langu ni hili. Kinachomzuia mwanafunzi wa Kasongo au Kabambare kufikia udaktari wa fizikia ya chembe kwa njia ya ukokotoaji si kigonganishi asichonacho, na wala si kompyuta. Ni kukosa mtu wa kumsimamia katika ile miaka miwili mitatu kati ya mwisho wa lisansi na mwanzo wa tasnifu. Fedha chache zilizopo zinapaswa kuelekezwa hapo kabla ya kununulia kifaa chochote.

Tuanze na kompyuta, kwa sababu ndiyo kisingizio kinachosikika sana. Katika hazina hiyo ya CERN kuna faili moja linalotumika sana kufundishia, lililotolewa kwenye data za CMS za mwaka 2012. Lina migongano zaidi ya milioni 61, na ukubwa wake ni gigabaiti 2 na kidogo tu. Kwa anayenunua mega za simu, huo ni mzigo, lakini likishapakuliwa mara moja Kindu au Kisangani, linasafiri kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Ndani yake kila chembe ya aina ya miuoni imeandikwa kwa tarakimu chache: kani-mwendo yake ya kukingama na mwale, vipimo viwili vya uelekeo, masi na chaji. Mwanafunzi anachagua migongano yenye miuoni mbili za chaji kinyume. Anazidisha kani-mwendo zao, anazidisha tena kwa mbili, kisha anazidisha kwa tofauti kati ya kosini haipaboli ya pengo la kipimo cha kwanza cha uelekeo na kosini ya kawaida ya pengo la kipimo cha pili. Kipeuo cha pili cha jibu ni masi ya kitu kilichozaa miuoni hizo. Kwa mwenye diploma ya dola ya Math-Physique aliyesoma mwaka mmoja wa chuo kikuu, hakuna la ajabu hapo.

Akirudia hesabu hiyo mara milioni kadhaa na kuchora matokeo, mchoro unainua vilele. Kwenye 3.1 GeV kinasimama kilele cha chembe J/psi, iliyogunduliwa mwaka 1974. Karibu na 9.5 kipo cha Upsilon, ya mwaka 1977, na kwenye 91 kipo cha bosoni Z, ya mwaka 1983. Ugunduzi huo ulihitaji maabara za Marekani na CERN yenyewe pamoja na mamia ya watu. Leo vilele vyote vinaonekana kwenye kompyuta ya kawaida inayokula umeme wa paneli ya jua, kwa programu zinazogawiwa bure kama ROOT au lugha ya Python.

Hata hivyo, zoezi hilo si udaktari, na mtu asidanganywe. Vilele vile vinajulikana. Anayeviona upya amejifunza kusoma tu. Udaktari unaanza pale mtu anapouliza kitu ambacho jibu lake halimo kitabuni, na anapoweza kueleza jibu lake lina shaka kiasi gani. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kiasi gani cha matukio yaliyo chini ya kilele ni kelele ya michakato mingine? Kigunduzi kilikosa miuoni ngapi, na je, kilizikosa sawasawa pande zote? Programu ya uigaji kama MadGraph inakokotoa mgongano wenyewe, PYTHIA inaukuza hadi mvua ya chembe, Delphes inaiga kwa haraka jinsi kigunduzi kingeuona. Kila moja ina vigezo kadhaa vinavyoweza kuchaguliwa vibaya bila programu kulalamika. Jibu litatoka, tena na grafu nzuri, na litakuwa si sahihi. Hakuna mwongozo unaomtahadharisha mgeni kuhusu hilo kama anavyotahadharishwa na mtu aliyewahi kukosea hapo hapo.

Mtu huyo ndiye adimu. Historia ya sayansi nchini Kongo inaeleza kwa kiasi fulani kwa nini. Mwaka 1959, kabla ya uhuru, Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Leopoldville kilipata kinu cha nyuklia cha TRICO, cha kwanza barani Afrika. Rekta wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia, na nchi ilikuwa imetoa urani ya Shinkolobwe iliyotumika katika mradi wa bomu wa Marekani. Kinu kile kilionekana kama fidia ya haki. Mwaka 1972 kikafuata TRICO II, chenye nguvu ya megawati 1. Hicho nacho kilizimwa mwaka 2004. Sidai kwamba kilikuwa upuuzi, kwani kilifundisha watu. Lakini sera iliyokizunguka ilifunga ujuzi kwenye mashine, na mashine iliposimama kwa kukosa vipuri na fedha, mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulilegea nayo. Ukokotoaji unatupa nafasi ya kufunga ujuzi kwa watu badala ya chuma. Tukiupokea kwa kuomba kwanza chumba cha kompyuta chenye viyoyozi, tutakuwa tumerudia yale yale.

Basi wasimamizi wako wapi? Walio karibu kuliko wote wako Kigali. Mwaka 2018 ilifunguliwa huko, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, ambayo ni mshirika wa kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, kile alichokiasisi Abdus Salam mwaka 1964. Inatoa masta na udaktari, na fizikia ya nishati za juu ni mojawapo ya fani zake. Kwenye ramani, hakuna mahali panapomfaa zaidi kijana wa Maniema. Kwenye uhalisia, Januari 2025 Kinshasa ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kigali, Goma ikatekwa mwezi huo huo na Bukavu mwezi uliofuata. Kumwambia mzazi wa Kasongo ampeleke mwanawe Kigali leo ni kumwomba jambo ambalo wenzake mtaani hawatalichukulia kama suala la masomo tu. Hilo ni gumu na sina namna ya kulilainisha. Ila usimamizi wa mbali hauhitaji viza, na mwanafizikia anayesoma kodi ya programu ya mwanafunzi kwa intaneti havuki mpaka wowote.

Trieste kwenyewe kuna Diploma ya ICTP, mwaka mmoja unaogharimiwa kikamilifu, iliyobuniwa mahususi kwa wanaotoka vyuo ambako masta ni dhaifu au haipo. Afrika Kusini ina mpango wa SA-CERN tangu 2008, na kupitia humo wanafunzi wa vyuo vyake hufanya kazi ndani ya ATLAS na ALICE. Iko pia Shule ya Afrika ya Fizikia ya Msingi, iliyoanza 2010 kwa juhudi za watu kama Ketevi Assamagan, mwanafizikia mwenye asili ya Togo aliye Brookhaven. Mwaka 2016 ilifanyika Kigali. Shule hiyo ni ya wiki chache, na thamani yake kubwa iko kwenye anwani ambazo mwanafunzi anaondoka nazo.

Kuna kikwazo cha makaratasi ambacho hakisemwi vya kutosha. Katika mfumo wetu wa zamani lisansi ilikuja baada ya miaka mitano, mitatu ya graduati na miwili ya juu yake. Tangu 2021–2022 mfumo wa LMD umeifanya lisansi kuwa miaka mitatu, kisha masta miwili, kisha udaktari. Ofisi ya udahili ya ng'ambo inaweza kumhesabu mwenye miaka mitano kama mwenye mitatu na kumtaka aanze masta upya. Barua ya nusu ukurasa kutoka chuoni, inayoeleza saa za masomo na kulinganisha mifumo miwili, ingeokoa miaka miwili ya mtu na minervali yake.

Mtu atauliza, na aulize: mji unaohangaikia barabara na dawa una haja gani na bosoni? Jibu la kawaida ni kwamba ujuzi wa takwimu utahamia kwenye afya, madini na hali ya hewa. Ni kweli, na wengi watakaoanza njia hii hawatamaliza kwenye chembe. Lakini jibu hilo pekee linaacha kitu. Mradi wa Kasongo ulikuwa na manufaa ya moja kwa moja kiasi ambacho hakuna fizikia itakayowahi kuwa nayo, na bado haukuuachia mji huo kikundi cha kudumu cha watu wenye mamlaka ya kuhoji takwimu. Manufaa yanaweza kuletwa na wageni. Mazoea ya kupinga matokeo kwa hesabu hayaletwi hivyo.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine. Makala ya mwaka 2015 kuhusu masi ya bosoni ya Higgs ilikuwa na waandishi zaidi ya 5,000. Katika umati kama huo ni rahisi mwanafunzi wa Kiafrika kupewa kazi ya kutunza programu, jina lake likaingia orodhani kwa herufi, na akahitimu bila kuwahi kuchagua swali. Kwa sababu hiyo naona heri aanze na fenomenolojia, pale nadharia inapolinganishwa na data zilizokwisha kutolewa. Makala zake zina waandishi wawili watatu, na kila mmoja hulazimika kujua kila mstari.

Napendekeza tuanzie kwenye memware, yaani andiko la kuhitimu, ya lisansi au masta, huko Kisangani na katika zile ISP, taasisi za juu za ualimu, zinazotoa walimu wa hesabu na fizikia. Memware moja kwa mwaka ifanywe kwa data huria, iwe na wasimamizi wawili, wa kwetu na wa nje, na kodi iwekwe wazi pamoja na maandishi, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata aanzie alipoishia mwenzake. Atakayefanya vizuri aandikishwe udaktari nchini kwa usimamizi wa pamoja, na safari zake za nje ziwe za miezi badala ya miaka. Bajeti ilipe kwanza intaneti na saa za msimamizi wa kwetu, ambaye kwa sasa kazi hiyo angeifanya bure baada ya vipindi vyake. Wanafunzi watatu au wanne wanatosha kwa kuanzia. Wakizidi hapo, hakuna msimamizi wa mbali atakayeweza kusoma kodi zao mstari kwa mstari.