Rubisi ya Karagwe na Kyerwa: Historia Fupi ya Kazi ya Wazee Wetu

Kazi ya kutengeneza rubisi, pombe ya ndizi, ni kongwe kuliko mipaka ya wilaya zetu. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini pombe hiyo ilikuwapo tangu enzi za Abahinda, ukoo wa kifalme uliotawala Karagwe kutoka Bweranyange. Wasafiri wa Uingereza, Speke na Grant, walipopokelewa na Omukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, waliikuta nchi yenye migomba na wakamuaji wa ndizi. Historia hii inaandikwa kwa heshima ya wakamuaji hao, ambao majina yao ni nadra kuonekana vitabuni.

Ndizi za pombe, embiire, hukatwa zikikomaa na kufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto. Baada ya siku nne hadi sita huiva kwa pamoja. Hapo ndipo ujuzi unapoonekana: ndizi isiyoiva sawasawa haitoi maji, na iliyopitiliza huwa uji. Zikimenywa hutiwa katika mtumbwi wa gogo lililochongwa, zikachanganywa na nyasi, kisha wanaume huzikanyaga kwa miguu. Nyasi hushika nyama ya ndizi, juisi ikachuruzika. Juisi hiyo huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani, na kesho yake rubisi huanza kunyweka.

Katika falme za mkoa wetu wa Kagera, mkamuaji hakunywa peke yake. Omukama alikuwa na fungu lake, mizimu ya ukoo ilimwagiwa, na majirani waliitwa. Mahari haikujadiliwa wala msiba kumalizwa bila kibuyu cha rubisi. Utawala wa jadi ulipofutwa mwaka 1963, fungu la Omukama liliisha, ila rubisi ilibaki: iliuzwa vilabuni, na fedha yake ikalipa ada za watoto na kununua chumvi na sabuni.

Rubisi ikichemshwa na mvuke wake kupozwa hupatikana pombe kali, enkonyagi, ambayo wengi huiita gongo. Hapa njia yetu iliachana na ya wenzetu wa Marekani. Wakulima wa Kentucky nao walianza kwa kugeuza mazao ya shamba, mahindi, kuwa pombe kali. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitambua pombe hiyo, bourbon, kuwa kinywaji cha kipekee cha nchi hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, sheria ya Tanzania ilipiga marufuku kupika gongo bila leseni. Hofu ya afya ilikuwa ya kweli, kwa maana pombe iliyopikwa vibaya hupofusha na kuua. Lakini mpishi wa kijijini aliachwa afiche mtungi wake badala ya kufundishwa kupika kwa usalama.

Hata Marekani, heshima haikuwafikia wote kwa wakati. Huko Tennessee, Nathan Green, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyemfundisha kijana Jack Daniel kupika wiski. Kampuni yenye jina la mwanafunzi huyo ilimtambua hadharani mwalimu huyo mwaka 2016 tu.

Kwetu leo, kazi ya rubisi ina adui mwingine. Mnyauko bakteria, ugonjwa wa migomba ulioripotiwa Kagera mwaka 2006, hushambulia sana baadhi ya ndizi za pombe, na wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Mkulima makini huondoa ua dume kwa mti wenye panda, bila kisu, na kung'oa shina lililougua.

Arusha tayari kuna kampuni ya Banana Investments inayouza mvinyo wa ndizi kwenye chupa. Karagwe na Kyerwa zina ndizi na zina ujuzi. Halmashauri ziwape wakamuaji mafunzo, vipimo vya ubora na leseni wanayoweza kuimudu. Nanyi vijana, kaeni na wazee wanaojua mtumbwi, muandike majina yao na kazi yao wangali hai.