Aliyekosa Sehemu Katika Mchezo

Keringet ni mji mdogo katika nchi ya juu ya Kaunti ya Nakuru, penye baridi, mashamba ya chai na viazi, na vijana wengi wapendao kukimbia. Kila mwaka, muhula wa kwanza unapoanza, shule za huko, kama shule za Kenya nzima, hujitayarisha kwa mashindano ya michezo ya kuigiza. Mwalimu huwaita wanafunzi, huwasikiliza wakisema na kuimba, kisha huandika majina katika karatasi na kuibandika ubaoni. Wengine hufurahi. Lakini yuko mmoja aliyekesha akijifunza maneno ya mfalme, naye huliona jina lake chini kabisa, pamoja na waimbaji wanaosimama nyuma; na yuko mwingine ambaye jina lake halipo. Hao hurudi darasani kwa macho makavu na moyo mzito. Watu wazima huwaambia ya kuwa jambo lenyewe ni dogo. Mimi sisemi hivyo. Kukitamani sana kitu kizuri na kukikosa mbele ya wenzako ni huzuni ya kweli. Historia ya jukwaa imejaa watu walioionja huzuni hiyo, na insha hii yataka kuwatazama baadhi yao, ili tujue walifanya nini baada ya kukosa.

Yafaa tuanze na mtu ambaye michezo yake iliigizwa sana katika shule zetu. Katika miaka ya 1950, wanafunzi wa Alliance High School, pale Kikuyu, walionyesha mchezo mmoja wa Shakespeare kila mwaka; na mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Julius Caesar. Wengi humjua Shakespeare kama mwandishi, lakini husahau ya kuwa alikuwa mchezaji pia, mmoja wa wenye kikundi kilichoigiza michezo yake mjini London. Je, aliyeandika maneno ya Hamlet ndiye aliyeyasema jukwaani? Siye. Sehemu ya Hamlet alipewa mwenziwe, Richard Burbage, na ndiye aliyepewa Othello na Mfalme Lear pia. Shakespeare aliandika maneno makuu ya mchezo, akampa mwingine ayaseme, naye akachukua sehemu nyingine. Kama angeshikilia ya kuwa mwenye mali ndiye mwenye haki ya kuonekana, huenda michezo ile isingepata nguvu iliyoifanya iishi zaidi ya miaka 400.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Mwalimu agawapo sehemu, hapimi thamani ya watoto. Hutafuta sauti, kimo na mwendo vinavyopatana na mchezo. Sauti nene humfaa mzee, na sauti nyembamba humfaa mtoto. Aliyekosa hakuhukumiwa kuwa mtu duni. Tena, mchezo wenye nyimbo hausimami kwa mtu mmoja. Kijana wa Keringet hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa neno hili. Faith Kipyegon, aliyekulia Ndabibit karibu na mji huo, ameshinda dhahabu ya mita 1,500 katika michezo mitatu ya Olimpiki, ya Rio, ya Tokyo na ya Paris. Tarehe 26 Juni 2025, mjini Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Wakimbiaji 13 walimzunguka ili kumkinga na upepo na kumshikia kasi. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6.42, hakulifikia lengo, lakini hakuna mwanamke aliyepata kuikimbia maili upesi kuliko hivyo. Wale 13 hawakukimbia ili kushinda, nao walijua hivyo kabla ya kuanza. Hata hivyo hakuna mjuzi wa riadha atakayesema ya kuwa kazi yao ilikuwa ya bure. Waimbaji wa nyuma katika mchezo ni kama wao.

Lakini itakuwa si haki kumwambia kila aliyekosa kuwa astahimili na kunyamaza. Kukosa ni kwa namna mbili. Kuna kukosa kwa sababu mchezo wamtaka mwingine, na kuna kukosa kwa sababu mwenye nguvu ameufunga mlango. Namna ya pili imeiandama historia ya jukwaa la Kenya. Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa lilifunguliwa mjini Nairobi mwaka 1952, na kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa vikundi vya Wazungu na michezo ya Kizungu. Mashindano ya shule yalipoanza mwaka 1959, nayo yalifuata lugha na desturi za Kiingereza. Mwafrika aliyekosa sehemu siku zile hakuweza kujiambia ya kuwa sauti yake haikufaa. Mara nyingi sauti yake haikusikilizwa kabisa.

Waliofungiwa mlango walifanya nini? Tumtazame Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance kisha akaenda Makerere, Uganda. Akiwa mwanafunzi huko, aliandika mchezo mfupi uliomwonyesha ofisa Mwingereza akitenda uovu wakati wa vita vya Mau Mau. Mchezo ulipendwa chuoni, lakini ulikataliwa katika jumba la michezo la taifa mjini Kampala, kwa kuwa ilidhaniwa haiwezekani ofisa Mwingereza kutenda jambo kama lile. Ngũgĩ hakuitupa kalamu. Mwezi wa Novemba 1962, katika siku za shangwe za uhuru wa Uganda, mchezo wake mwingine, The Black Hermit, ulionyeshwa katika jumba lile lile.

Miaka 15 baadaye alifika mbali zaidi. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika kwa Kikuyu mchezo wenye nyimbo nyingi, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nitakapopenda, pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao wenyewe, lisilo na paa. Majaribio ya kuchagua wachezaji yalifanyika uwanjani mchana kweupe, kila mpita njia akiona na kusema maoni yake. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila mwalimu. Palipo na uchaguzi wa wazi, aliyekosa huumia, lakini hashuku. Naye hupata neno la kufanya, kwani nyimbo zahitaji waimbaji na jukwaa lahitaji mafundi. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali iliufutia kibali, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ alitiwa kizuizini. Jukwaa lenyewe lilibomolewa mwaka 1982. Mbao zilivunjwa, lakini mchezo ulibaki kitabuni, na ungali ukisomwa.

Mkasa wa karibuni ulitokea katika Kaunti ya Nakuru yenyewe. Mwezi wa Aprili 2025, mashindano ya taifa yalifanyika huko. Wasichana wa Butere, kutoka Kaunti ya Kakamega, walikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, na Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kushindana. Siku yao ilipofika, tarehe 10 Aprili, mwandishi wao alikuwa amekamatwa, vyombo vyao havikuwapo, na ukumbi haukuwa na watazamaji. Nje, polisi walitumia moshi wa kutoa machozi kuwatawanya watu. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza.

Msomaji na atafakari tendo hilo. Kati ya wasichana wale walikuwamo waliopewa maneno mengi na waliopewa machache. Huenda walikuwamo pia waliolia faraghani miezi michache nyuma, walipoyasoma majina yao ubaoni. Lakini siku ile hapakuwa na mchezaji mkuu wala mchezaji mdogo. Wote walikosa pamoja, na jibu lao walilitoa kwa sauti moja, ambayo haikuwa ya mtu mmoja aliyechaguliwa kuliko wenzake.

Basi, kijana wa Keringet asimamaye mbele ya ubao ana haki ya kuhuzunika siku moja au mbili. Huzuni ikiisha kutulia, na ajiulize amekosa kwa namna ipi. Amwendee mwalimu wake kwa adabu, amwulize sababu. Mwalimu mwema hatachukizwa na swali hilo. Ikiwa mchezo wamtaka mwingine, na aichukue sehemu ndogo kwa moyo mkubwa, kama wale 13 wa Paris. Ikiwa hana sehemu kabisa, mapazia yahitaji mikono na wenye maneno mengi wahitaji mtu wa kuwasikiliza wakijifunza. Lakini ikiwa amekosa kwa upendeleo au kwa hila, asijidanganye kuwa hana kipawa. Na akusanye wenzake chini ya mti, aandike mchezo wake, nao wagawane sehemu mbele ya macho ya wote. Na siku atakapokuwa yeye mwenye kushika karatasi ya majina, akumbuke jinsi ilivyo kuisoma mpaka mwisho bila kujiona.