Mzunguko Unapita Uani kwa Nani? Historia Fupi ya Taka Upande Wetu wa Mombasa

Siku hizi kila mkubwa akipanda jukwaani lazima ataje "uchumi wa mzunguko". Taka ni mali, taka ni ajira, taka ni dhahabu. Watu wanapiga makofi. Mimi mtoto wa Changamwe nina swali moja tu: huo mzunguko unapita uani kwa nani?

Naomba mnivumilie, leo ni ndefu. Na sijifanyi profesa. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Lakini historia hii huhitaji digrii kuielewa, unahitaji pua tu. Kama umekulia upande huu na ulikuwa ukipanda matatu kwenda kisiwani kabla ya 2018, unajua mchezo wa Kibarani. Ukikaribia pale, gari zima linanyamaza. Kila mtu anavuta leso, mtandio, kola ya shati, anaziba pua. Ukishavuka, mazungumzo yanaendelea pale yalipoishia. Tulizoea hivyo.

Lakini tuanze nyuma kidogo, manake kuna watu wanadhani huu mzunguko umeletwa na wafadhili.

Mpwani hakuwahi kutupa mnazi. Kumbi lilifukiwa mchangani ufukweni, likaoza, likapondwa, likasokotwa kamba ya usumba. Kifuu kikawa upawa au kikawashia moto. Makuti yakaezeka nyumba, chelewa zikawa fagio, machicha wakala kuku. Hakuna aliyeita hivyo uchumi wa mzunguko. Iliitwa kuishi.

Halafu kuna chupa ya soda. Nyanya yangu alikuwa na kiduka Likoni, na sheria yake ilikuwa moja: huna chupa tupu, huondoki na soda. Unakunywa hapo hapo umesimama, au unaacha pesa ya chupa. Chupa zilipangwa kwenye kreti, lori la kampuni likija linaleta zilizojaa na kubeba zilizo tupu. Sisi watoto tukiiona chupa imetupwa mahali tulikimbizana nayo, manake ilikuwa pesa. Fikirieni hilo vizuri: aliyetengeneza chupa ndiye aliyekuja kuichukua. Chupa ilikuwa na mwenyewe.

Ilipokuja ya plastiki, watu walifurahi. Nyepesi, haivunjiki, huhitaji kurudisha. Tusichokiona ni kwamba siku ile kampuni ilitua mzigo na kutuachia sisi. Ukishamaliza kunywa, chupa si yake tena. Ni yako, ni ya mtaro wa kwenu, ni ya samaki. Chupa ya plastiki haina mwenyewe.

Na kitu kisicho na mwenyewe, Mombasa, kinavushwa daraja. Kwa miaka na miaka taka za mji zilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa mkono wa bahari pale Makupa, hadi jaa likaanza kuingia majini. Likoni kuna Shonda. Kisauni kuna VOK, kisha Mwakirunge. Hebu angalia hiyo orodha. Kisiwa kinakula, kinasherehekea, kinafagia. Majaa yote yako upande wetu.

Sasa msiniambie ni kwa sababu sheria haikuwepo. Sheria kuu ya mazingira ilipitishwa 1999, ndiyo iliyozaa NEMA. Mwaka 2006 zikaja kanuni za kusimamia taka, zikitaja mpaka leseni za kusafirisha na kutupa taka za sumu. Kwenye karatasi tulikuwa sawa kabisa. Mwaka mmoja tu baadaye, 2007, kiwanda cha kurejeleza betri kikaanza kazi Owino Uhuru.

Wengi wa rika langu hamjui Owino Uhuru, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Owino Uhuru ni kijiji cha watu kama 3,000 pale Mikindani. Leo kiko Jomvu, lakini wakati huo eneo lote bado lilikuwa Changamwe. Nyumba za udongo na mabati zilizoshikana. Kiwanda cha Metal Refinery EPZ kilikuwa kimepakana na kijiji kabisa, ukuta kwa ukuta. Kazi yake ilikuwa kuchukua betri kuukuu za magari, kuzivunja, kutoa risasi iliyo ndani na kuiyeyusha iuzwe nje ya nchi. Ukiisikia hivyo, ni hadithi tamu kabisa ya uchumi wa mzunguko. Betri iliyokufa inazaliwa upya. Taka imekuwa mali. Vijana wamepata kazi. Dola zimeingia.

Shida ni kwamba risasi ikiyeyushwa haibaki yote kwenye tanuri. Nyingine inatoka na moshi, ikawa vumbi, vumbi likatua juu ya mabati. Mvua ikinyesha maji ya mabati yanaingia kwenye ndoo. Maji machafu ya kiwanda nayo yakapita kijijini, watoto wakacheza humo. Risasi ikiingia mwilini inashambulia ubongo, figo, damu, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mama wajawazito. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Hata kidogo ni kingi.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja, Phyllis Omido, kazi yake iwe kusikilizana na wanakijiji. Alipofuatilia ripoti ya athari za mazingira akaona hali ilivyo, akashauri kiwanda kihamishwe. Hakusikizwa. Halafu mtoto wake mwenyewe, aliyekuwa akimnyonyesha, akaugua. Hospitali wakapima malaria, wakapima taifodi, hola. Mwishowe damu ikapimwa risasi. Ikapatikana. Omido akaacha kazi, akawarudia wanakijiji, wakaanza kupimisha watoto na kuandamana. Mwaka 2012 akakamatwa pamoja na wenzake kwa makosa ya uchochezi, na baadaye mahakama ikawaachilia. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 Omido akapewa tuzo ya Goldman kule Marekani.

Hapa wengi huishia. Dada kashinda tuzo, kiwanda kimefungwa, mwisho mwema. Lakini sumu haikufungwa. Ilibaki kwenye udongo na kwenye miili ya watu.

Mwaka 2016 wakazi wakaenda mahakamani, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa. Walishika kipengele cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachosema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Julai 2020 Jaji Ann Omollo akaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kijiji kisafishwe. Kisha akagawa lawama. Kiwanda kikapewa fungu lake, aliyekodisha ardhi fungu lake, wizara mafungu yao. Aliyebeba fungu kubwa kuliko wote, asilimia 40, alikuwa NEMA. Mlinzi mwenyewe. Yule aliyewekwa na sheria ya 1999 atulinde.

Ikakatiwa rufaa. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia. Wakaenda Mahakama ya Juu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha bilioni 1.3. Sasa piga hesabu na mimi. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na miaka 17 siku hiyo hukumu ya mwisho inasomwa. Utoto wake wote umeisha akingoja korti iseme kwamba alidhulumiwa.

Na niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Nikiwa darasa la tatu, la nne hivi, nilikuwa nikiokota vyuma na mabinamu zangu tukiuza kwa mzee mmoja mwenye mizani mtaani. Msumari, bati, sufuria iliyotoboka. Siku ukipata betri ya gari, hiyo ilikuwa sikukuu. Tuliibeba wawili wawili, tukaimwaga ile asidi mtaroni ili wabebaji wapumue, tukalipwa, tukala viazi karai. Hakuna aliyetuambia kitu. Wala mimi sikuwahi kuuliza: hii betri inakwenda wapi? Miaka hiyo ndiyo tanuri la Owino Uhuru lilikuwa likiwaka, umbali wa matatu moja kutoka kwetu. Nilipokuja kusoma habari hizi nikiwa mtu mzima, nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Na sisi tulikuwa kwenye mzunguko ule ule. Tulikuwa mwanzo wake, wale watoto walikuwa mwisho wake.

Mtu ataniambia, "Serikali haina uwezo, nchi maskini hii." Haya. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya nzima. Ilijaribiwa 2007, ikashindikana. Ikajaribiwa tena 2011, ikashindikana. Zanzibar walikuwa wametutangulia tangu 2006. Lakini 2017 serikali iliamua. Faini mpaka milioni 4 au jela mpaka miaka minne. Mama mboga aliogopa, supamaketi iliogopa, na ile mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye miti kama maua ikapungua. Bado inapenya kimagendo, sawa, lakini mnaona? Serikali ikitaka, inaweza. Swali ni inataka lini, na kwa ajili ya nani.

Mwaka 2018 Kibarani ikafungwa. Udongo ukamwagwa, miti ikapandwa, leo watu wanapita bila kuziba pua. Mimi nilifurahi, sitadanganya. Lakini nina maoni yangu kwa nini ilikuwa Kibarani. Mgeni akishuka uwanja wa ndege pale Port Reitz kwenda mjini, kitu cha kwanza alichokutana nacho ni lile jaa. Lilikuwa linaaibisha. Na zile taka hazikuyeyuka. Zilielekezwa Mwakirunge, kule Kisauni ndani, ambako mtalii hapiti. Kwa wanaochakura pale kila siku na watoto wanaosoma karibu na pale, Kibarani haikufungwa. Ilihamia kwao.

Sasa tunafika kwenye sheria mpya. Mwaka 2022 ilipita Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Inasema utenganishe taka nyumbani, zinazooza kando, zisizooza kando. Inataka kaunti ziwe na vituo vya kupokea na kurejeleza. Novemba 2024 zikaja kanuni zinazombebesha mtengenezaji na mwagizaji mzigo wa bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake. Yaani kwa lugha ya nyanya yangu: rudi uchukue chupa yako. Hili naliunga mkono mia kwa mia, manake ndilo lililokuwepo kabla ya kuondolewa kimyakimya.

Lakini kumbukeni pia Juni 2024. Mswada wa Fedha ule tulioukataa barabarani ulikuwa na ushuru wa mazingira ndani yake, mpaka kwenye nepi. Kila siku ni hivyo. Mwenye kiwanda akitakiwa alipe, bili inatafuta njia ya kuteremka mpaka kwa mama anayenunua nepi moja moja dukani. Kanuni za 2024 ni nzuri, lakini zikiachwa zitafuata mteremko huo huo.

Sipingi urejelezaji. Kule Lamu mafundi wa mashua walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likavishwa malapa ya rangi rangi, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Fundi ni wa pale, taka ni za pale, na hakuna mtoto aliyewekewa sumu kwenye maziwa. Inawezekana.

Ninachokataa ni kupiga makofi kabla ya kuuliza. Kwa hivyo ukisikia kiwanda kipya cha kuchakata taka kinakuja Changamwe, Kisauni au Likoni, nenda kwenye baraza, usitume mtu. Uliza ripoti ya mazingira iko wapi na nani ameisoma kabla tanuri halijawashwa. Uliza moshi unaelekea wapi na maji yanatokea wapi. Uliza anayechakura kwa mikono atapewa glavu na hospitali, au atapewa tu jina jipya la "mdau". Uliza nani anapima damu ya watoto, na mara ngapi kwa mwaka.

Wakikwambia unapinga maendeleo, waambie hata Owino Uhuru kazi ililetwa. Risiti yake ikaja baadaye, kwenye damu.

Na wewe unayeishi kisiwani, ukifunga mfuko wako wa taka usiku huu, hebu jiulize kesho asubuhi utakuwa mlangoni kwa nani.