Sisi Tuliochora Pindo

Kanga ina pindo, mji na jina. Jina ni yale maneno yanayokaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo, na anayeulizwa kuhusu maneno hayo ni aliyeivaa. Aliyechora hatajwi popote. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya kuchorea, katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam, sikutia saini hata mara moja, wala sikumwona mwenzangu akitia. Ukingoni tuliweka alama ya kiwanda na namba ya mtindo, basi.

Waliotutangulia nao hawakutajwa. Wazee husimulia kwamba wanawake wa mwambao walinunua leso za mkononi, neno tulilolirithi kwa Wareno, wakashona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja. Wafanyabiashara wakaona heri ichapwe nzima nzima. Vitone vya mitindo ya mwanzo vikawakumbusha watu manyoya ya yule ndege, kanga. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na "Mali ya Abdulla" ya nyumba hiyo bado inasomeka ukingoni mwa kanga. Lakini vitambaa vilichapwa mbali: Uholanzi, Uingereza, baadaye India na Japani. Fundi wa Helmond, kule Uholanzi, asiyejua neno moja la Kiswahili ndiye aliyetengeneza maneno yetu, zamani kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Namwonea huruma. Namwonea wivu pia, maana hakuna aliyemgombeza sokoni.

Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo mwaka 1968, kwa msaada wa China, kanga ikapata kwao. Mimi nilikuja baadaye, kwingine, nikafundishwa kuchora robo tu: pembe moja, pamoja na nusu ya pande mbili zinazokutana hapo. Robo zilizobaki ni kuigeuza ile ya kwanza. Kisha kila rangi ikahitaji karatasi yake angavu na skrini yake. Kanga ya rangi tatu, skrini tatu, na rangi yenyewe imekorogwa ikawa nzito kama uji. Skrini ikisogea unene wa ukucha, ua linaachana na ukingo wake. Ndiyo maana tulipenda mistari minene myeusi: inaficha aibu. Kisutu, kanga ya arusi, hatukuthubutu kuigusa. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, vile vile ilivyokuja, na nani angetaka kugombana na somo wa bibi harusi?

Kosa langu kubwa lilikuwa la lugha. Watu wa mauzo waliniletea jina, PENDO LAKO HALIISHI, nikapanga herufi nikaridhika. Robota la kwanza lilipofika sokoni, mama mmoja muuzaji alikunjua doti akasoma kwa sauti: "Haliishi? Haliishi vipi, limekufa?" Sisi tulikusudia pendo lisilokwisha, yeye alisoma pendo lisilo hai, na Kiswahili kilimpa haki sawasawa na sisi. Mkubwa wangu akataka kunikata mshahara. Kabla hajaamua, mzigo ulikuwa umekwisha. Waliotaka kuwatunza mama zao walinunua, na waliokuwa na neno na mke mwenza au wifi walinunua zaidi. Toleo la pili tukaandika HALINA MWISHO. Likadoda.

Miaka ya 1980 milango ya biashara ilipolegezwa, kanga za India zikaingia kwa wingi, bei chini. Kiwanda chetu kikaanza kusuasua. Skrini zilioshwa dawa ili zipakwe mtindo mwingine, kama ilivyokuwa desturi, na kila iliyooshwa ilikwenda na kazi ya mtu. Karatasi sijui nani alizibeba. Moja niliikuta imefungiwa karanga, nikala.

Siku hizi nikiwa msibani au arusini macho yangu huenda kwenye pembe. Juzi nilimwona dada mmoja amejitanda kanga iliyopauka, na pindoni kuna korosho yenye kikonyo kilichopinda kushoto. Kikonyo kile nilikipinda mimi, mkono ulipoteleza, nikaona kimependeza nikakiacha. Nikakodoa macho mpaka akanishtukia.

"Babu," akasema, "unasoma nini huko pembeni? Maneno yako huku."