Toba

"Toba yarabi!" husema mtu akisikia la kutisha, na hapo neno limebaki mguno tu. Lakini lilitujia kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ni kurudi, na Kiebrania nacho kwa jambo hilihili hutumia kitenzi cha kurudi. Mwenye kutubu, basi, amegeuza njia. Machozi ni hiari yake. Mpinzani atasema maana hutoka kwa watumiaji, haitoki kwenye asili. Sawa, ila watumiaji haohao huuliza: anayerudi kila mara, ametubu kweli?

Kitabu cha Waamuzi katika Biblia kina ushahidi mchungu: Waisraeli huasi, humlilia Mungu, huokolewa na mwamuzi, kisha huasi tena. Chini ya Othnieli nchi ilitulia miaka 40, Ehudi 80, Debora 40, Gideoni 40. Baada ya Gideoni kauli hiyo haionekani tena, na katika habari za Samsoni hata kilio cha taifa kwa Mungu hakitajwi. Wanaosema imani ya wanadamu ni gurudumu wamesoma harakaharaka: kila mzunguko ulimega kitu. Hata hivyo sikubali kwamba kurudiarudia kunaifanya toba kuwa uongo. Kurani, sura ya 2 aya ya 222, inawataja wapendwa wa Mungu kwa umbo la Kiarabu la kukithirisha: watubuo mno, tena na tena. Umbo hilohilo, Tawwab, ni jina la Mungu, kwa kuwa naye huwarudia waja wake. Kiswahili kimewatenganisha: kutubu tumemwachia binadamu, Mungu tukampa kupokea toba.