Kutoka karatasi hadi kioo: Mbunifu wa machapisho ajifunze nini?

MBUNIFU aliyezoea kutayarisha mabango na vijitabu vya ratiba ya mazishi mtaani Nyalenda, jijini Kisumu, tayari ana sehemu kubwa ya maarifa ya michoro-mwendo, yaani sanaa ya kuyafanya maandishi, picha na maumbo yasonge kwenye runinga, simu au kompyuta.

Safari hiyo si ngeni. Mmarekani Saul Bass alikuwa mbunifu wa matangazo ya kuchapishwa. Mnamo 1954, mwelekezi Otto Preminger alimwagiza bango la filamu Carmen Jones, kisha akamtaka abuni pia utangulizi wake. Mwaka uliofuata, utangulizi wa The Man with the Golden Arm ulimjengea sifa.

Uteuzi wa fonti, mpangilio na matumizi ya nafasi tupu huhamia kwenye kioo bila kupoteza thamani. Hata hivyo, kuna mazoea matatu ya kubadilishwa.

Kwanza ni rangi. Mtambo wa uchapishaji hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu.

Pili ni vipimo. Karatasi hupimwa kwa milimita. Kioo huhesabiwa kwa pikseli, mathalani 1920 kwa 1080.

Tatu, na zito zaidi, ni wakati. Msomaji wa karatasi hurudia mstari apendavyo. Mtazamaji wa runinga hana hiari hiyo: picha 25 humpita kila sekunde.

Chukua mfano wa tangazo la kifo la sekunde 10. Jina la marehemu likipambwa kwa sekunde nane, huku siku na mahali pa mazishi vikipita kwa mbili, huenda waombolezaji wakafika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Kanuni nyepesi ni kuyasoma maandishi kwa sauti mara mbili, kisha kuyaacha yakae muda uo huo.

Kuhusu vifaa, After Effects, programu iliyotolewa mara ya kwanza 1993, hupokea kazi za Illustrator na Photoshop pamoja na tabaka zake. Asiyemudu gharama anaweza kuanza na Blender, ambayo hailipiwi.

Zoezi la kwanza na liwe bango lake mwenyewe la zamani. Atenganishe tabaka, aamue kipi kitangulie na kipi kidumu, kisha aondoe kila mwendo usiomsaidia mtazamaji kusoma.